Aliyelipa Asizuiwe Mlangoni

Mtu akinunua kitu kwa fedha yake halali, akapewa na stakabadhi, hapana mfanyabiashara mwenye haki ya kumfuata nyumbani na kumwamuru akitumie chumbani wala asithubutu kukitumia sebuleni. Ndivyo inavyofahamika sokoni tangu zamani. Lakini katika biashara ya televisheni kanuni hiyo imekuwa ikivunjwa mchana kweupe kwa miaka mingi, na mfano wake ulio wazi kuliko yote umetoka Marekani, nchi inayopenda kuuambia ulimwengu kwamba kwake mnunuzi ndiye mfalme. Leo twapenda kulitazama jambo hilo kwa kirefu, kwa kuwa lina mengi ya kutufunza sisi tunaolipia ving'amuzi kila mwezi, na kwa kuwa dalili zake zimekwisha kuonekana katika bara letu.

Nchini Marekani nyumba nyingi zimezoea kupata televisheni kwa waya unaoletwa na kampuni ya kebo. Mwaka 2009 Bw. Jeff Bewkes wa Time Warner na Bw. Brian Roberts wa Comcast walijitokeza pamoja kutangaza mpango walioupa jina la TV Everywhere, yaani televisheni kila mahali. Ahadi yenyewe ilikuwa njema: mteja anayelipia stesheni kwa njia ya kebo aweze kuitazama pia kwa njia ya intaneti, bila kutozwa senti ya ziada. Mwaka uliofuata HBO, stesheni mashuhuri ya filamu na michezo ya kuigiza ambayo hulipiwa peke yake juu ya ada ya kawaida, ilitoa programu yake ya kutazamia iliyoitwa HBO Go.

Namna ya kuifungua programu hiyo haikuwa ngumu. Mteja aliiwasha kwenye chombo chake, naye akaonyeshwa tarakimu na herufi chache kwenye kioo cha televisheni. Alizichukua akaziandika kwenye kompyuta, akachagua jina la kampuni yake ya kebo katika orodha aliyowekewa, kisha akatia jina lake na neno lake la siri. Hapo kampuni iliulizwa swali moja tu: je, mtu huyu amelipa? Ikijibu kwamba amelipa, mlango ulifunguka. Filamu yenyewe haikupita katika king'amuzi cha kampuni hata kidogo. Ilitoka kwa HBO ikaja kwa njia ya intaneti. Kazi ya kampuni ya kebo hapo ilikuwa kazi ya bawabu, yaani kutazama daftari na kuitikia.

Sasa yatazamwe yaliyotokea. Oktoba 2011 HBO Go ilifika kwenye Roku, kijisanduku kinachochomekwa katika televisheni, ambacho wakati huo kiliuzwa madukani kwa dola 100 au chini yake. Wateja wa kampuni nyingine walijiandikisha wakatazama. Wateja wa Comcast, kampuni ya kebo kubwa kuliko zote nchini humo, ambayo katika miaka hiyo ilikuwa na wateja wa televisheni wapatao milioni 22, walipoifikia ile orodha hawakuliona jina la kampuni yao. Watu hao walikuwa wamelipa. Neno lao la siri liliifungua HBO Go hiyohiyo kwenye kompyuta na kwenye iPad. Kwenye Roku halikufungua kitu. Hali hiyo ilidumu miaka mitatu, hata Desemba 2014 Comcast iliporidhia. Na kabla vumbi halijatua, jambo lilelile lilikuwa likiendelea mahali pengine: Machi 2014 HBO Go ilipofika kwenye PlayStation 3, wateja wa Comcast waliachwa nje, Machi 2015 ilipofika kwenye PlayStation 4, wakaachwa nje tena. Mtu ni yuleyule, fedha ni ileile, programu ni ileile na nyumba ni ileile. Kilichobadilika ni chombo, na jibu la bawabu likabadilika nacho.

Ilipobanwa na wateja mwaka 2014, kampuni ilieleza kwamba kila chombo kipya huhitaji kazi ya mafundi pamoja na maandalizi ya kuwahudumia wateja, kwamba kazi hizo hula muda na fedha, na kwa hiyo vyombo havina budi kungoja zamu yao. Maelezo hayo yangaliweza kuingia akilini kama kampuni zote za kebo zingalishindwa. Lakini kampuni ndogo kuliko Comcast zilikwisha kuwafungulia wateja wao, ilhali yenye mafundi wengi na hazina kubwa ndiyo iliyodai kulemewa. Mwaka uliofuata, katika habari za PlayStation, lugha ilibadilika. Safari hii wateja waliambiwa kwamba hayo ni maamuzi ya kibiashara, yanayohusu masharti ambayo pande mbili hazijakubaliana. Haya ndiyo maneno ya kweli, nasi twaishukuru kampuni kwa kuyatamka hatimaye.

Wasomaji watatuwia radhi tukiwakumbusha pia kwamba Februari 2014 Comcast ilikuwa imetangaza nia ya kuinunua Time Warner Cable, kampuni ya pili kwa ukubwa katika biashara hiyohiyo ya kebo, na kwamba mlango wa Roku ulipofunguliwa Desemba shauri hilo lilikuwa bado mezani kwa wakaguzi wa serikali. Hatusemi kwamba moja lilizaa lingine. Ununuzi wenyewe uliachwa Aprili 2015.

Je, ni masharti gani hayo ya kibiashara yanayomfanya muuzaji amnyime mteja kitu alichokwisha kumuuzia? Jibu liko juu ya meza, chini ya televisheni: ni king'amuzi. Mwaka 2016 Tume ya Mawasiliano ya Serikali ya Marekani, iitwayo FCC, ilieleza kwamba asilimia 99 ya wateja wa televisheni ya kulipia nchini humo walikuwa wakikodi ving'amuzi kutoka kwa kampuni zao, na kwamba nyumba ya kawaida ililipa wastani wa dola 231 kwa mwaka kwa ukodishaji huo. Msomaji azingatie kwamba tunasema kukodi, hatusemi kununua. Mtu hulipa mwaka wa kwanza, akalipa wa pili, akalipa wa tano. Na siku akiuvunja mkataba hukirudisha king'amuzi alipokitoa akabaki mikono mitupu. Kijisanduku cha dola 100 kinacholipiwa mara moja tu ni tishio kwa mapato ya namna hiyo. Ni sawa na mwenye bomba anayekuuzia maji, nawe ukamlipa kwa kila debe, kisha akakuambia kwamba huna ruhusa ya kuyachota ila kwa ndoo yake, na ndoo yenyewe ni ya kukodi.

Lakini fedha za kukodisha si kisa chote. Mwenye king'amuzi ndiye anayeamua ni picha gani ije mbele mtazamaji anapowasha televisheni, na ni ipi izikwe ndani hata asiione. Mtazamaji akihamia kwenye chombo cha mtu mwingine, uamuzi huo humhama mwenye kebo. Machi 2012 Comcast ilipeleka programu yake yenyewe kwenye Xbox 360, ikatangaza kwamba utazamaji wake hautahesabiwa katika kipimo cha gigabaiti 250 kwa mwezi walichowekewa wateja wake wa intaneti. Netflix ilipotazamwa kwenye Xbox hiyohiyo, kwa waya huohuo, ilihesabiwa. Kampuni ilijitetea kwamba programu yake hupita katika njia zake za ndani. Bw. Reed Hastings, mkuu wa Netflix, alilalamika hadharani mwezi Aprili, na mwezi Mei kipimo chenyewe kikasimamishwa. Mambo haya mawili, la kumzuilia mteja chombo cha mwingine na la kuupunguzia mzigo utazamaji wa nyumbani kwako, ni mapacha.

Ajabu ni kwamba Wamarekani walikwisha kulitatua suala hili hili miongo kadhaa iliyopita, katika habari ya simu. Kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa na amri iliyokataza mteja kuunganisha na simu kitu chochote ambacho hakikutoka kwake. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyeuza kifaa kiitwacho Hush-A-Phone, nacho kilikuwa kama kikombe tu, cha kuvikwa kwenye simu mahali pa kusemea ili mtu aongee bila jirani kumsikia. Hakikuwa na waya wala umeme. AT&T ilikipiga vita kikombe hicho kana kwamba ni baruti, na FCC yenyewe ikaiunga mkono. Ilibidi shauri lipelekwe katika mahakama ya rufaa ya Washington, ambayo mwaka 1956 iliamua kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa yeye, maadamu hawadhuru watu wengine.

Kisha akaja Bw. Thomas Carter wa Texas, aliyebuni chombo cha kuunganisha simu ya upepo na simu ya waya, kiitwacho Carterfone, ili mtu aliye mbali machungani au kwenye visima vya mafuta aweze kusema na mtu aliye mjini. AT&T ikakataza kwa amri yake ileile. Mwaka 1968 FCC, safari hii ikiwa upande wa mteja, iliitangua amri hiyo: chombo kisichoudhuru mtandao hakina sababu ya kukataliwa. Uamuzi huo wa kurasa chache ulizaa mambo ambayo hakuna aliyeyaota. Mashine za kuitikia simu, za faksi, na modemu zilizoiingiza intaneti katika nyumba za watu, zote zilipitia katika mlango aliousukuma yule Mtexas. Kama AT&T ingaliachiwa kuchagua vyombo vya kuungana na waya wake, pengine ingalichagua simu nyingine ya AT&T.

Bunge la Marekani halikulisahau funzo hilo. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliitaka FCC ihakikishe kwamba watu wanaweza kununua ving'amuzi kutoka kwa wauzaji wasiofungamana na kampuni za kebo. Ukaundwa mpango wa kadi ya kuchomekwa katika chombo chochote, lakini ile asilimia 99 tuliyoitaja inaonyesha mpango huo ulifika wapi. Na mwaka 2020 kanuni zake zikafutwa. Mwaka 2016 Bw. Tom Wheeler, mwenyekiti wa FCC wakati huo, alileta pendekezo jipya. Katika sura yake ya mwisho, ya mwezi Septemba, pendekezo hilo lingalizilazimisha kampuni kubwa za televisheni ya kulipia kutoa programu zao bure kwenye vyombo vinavyotumiwa na watu wengi, ili asiyetaka kukodi asilazimike kukodi. Kura ilipangwa kupigwa tarehe 29 Septemba. Siku ilipowadia ikaondolewa katika shughuli za kikao. Januari 2017 serikali ilibadilika, mwenyekiti mpya Bw. Ajit Pai akaliondoa pendekezo mezani, na habari yake ikaishia hapo.

Haki ya kumiliki chombo, iliyopiganiwa kwa kikombe cha simu na kupatikana kwa redio ya Bw. Carter, haikuvuka kutoka kwenye waya kwenda kwenye neno la siri. Zamani kampuni ilimzuia mteja kwa kukataza plagi. Sasa haina haja ya kukataza kitu. Humwacha mtu anunue chombo akitakacho, akiunganishe apendavyo, halafu huacha tu kuitikia jina lake linapoulizwa. Hakuna amri iliyotolewa na hakuna waya uliokatwa. Hakimu akiitwa kutazama ataonyeshwa orodha ambayo jina fulani halimo.

Tusiwe hata hivyo kama mwamuzi anayesikiliza upande mmoja. Kampuni za kebo nazo zimewahi kufungiwa milango na wenye stesheni. Machi 2011 Time Warner Cable ilipotoa programu ya kuwawezesha wateja kutazama stesheni kadhaa kwenye iPad wakiwa nyumbani kwao, baadhi ya wenye stesheni walikuja juu wakidai kwamba mikataba yao haikutaja kioo cha namna hiyo, na mwezi uliofuata kampuni hiyo na Viacom zilifikishana mahakamani. Kadhalika hoja ya wizi ina uzito wake. Neno la siri moja likigawiwa kwa ukoo mzima, kuanzia shangazi hadi rafiki wa mpwa, mwenye filamu hupunjwa, na hatuwezi kumlaumu akitaka kujua ni watu wangapi wanaotazama kwa ada moja.

Lakini hapo ndipo tunapoomba mambo mawili yatenganishwe. Kuweka hesabu ya vyombo vinavyoweza kutazama kwa wakati mmoja ni sharti la biashara kama masharti mengine, na mnunuzi akiambiwa mapema ataamua mwenyewe. Kuchagua jina la kiwanda kilichotengeneza chombo ni kitu kingine kabisa. Mwizi haibi zaidi kwa sababu ametumia Roku badala ya iPad.

Yaliyofuata baada ya hapo yanastahili kutazamwa na yeyote anayedhani kwamba ubaya wote ulikuwa wa kampuni za kebo. Wateja walichoka, wakaanza kukata waya. HBO ilianza Aprili 2015 kuuza HBO Now kwa dola 14.99 kwa mwezi bila kupitia kampuni yoyote ya kebo, na ile HBO Go ya ugomvi ilifungwa nchini Marekani mwaka 2020. Comcast, iliyokuwa na wateja milioni 22, ilimaliza mwaka 2024 ikiwa na wateja wa televisheni wasiofika milioni 13. Ungetarajia kwamba bawabu akiondoka mlango utabaki wazi. La hasha. Watengenezaji wa vyombo walikikalia kiti chake kikiwa bado kina joto. HBO Max ilipozinduliwa Mei 2020 haikuwamo kwenye Roku, kwa kuwa wakubwa hawakuelewana, iliingia Desemba. Mwezi huohuo programu ya kampuni ya kebo ya Charter ikaondolewa katika duka la Roku, ikakaa nje hadi Agosti 2021. Aprili 2021 ikawa zamu ya YouTube TV, iliyorudishwa Desemba. Wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo, na nyasi hizi, tusisahau, zilikuwa zikilipa ada ya kila mwezi. Roku iliyodhulumiwa mwaka 2011 ilikuwa imejifunza kazi kwa aliyeidhulumu.

Hapa kwetu mteja hakuzungushwa na kebo bali na king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia, mtazamaji aliyekuwa akitumia antena ya juu ya bati alilazimika kununua king'amuzi, na upesi akagundua kwamba cha kampuni hii hakifungui vya kampuni ile. Zipo nyumba zenye ving'amuzi viwili na vitatu vilivyopandana kama vikapu, kila kimoja na kadi yake na rimoti yake, na kimoja kati yake hakijawashwa tangu ligi iliyokipandisha thamani ilipohamia kwa mwingine. Watu wamelizoea jambo hilo hata hawalioni. Sasa watazamaji wanahamia kwenye simu na kwenye televisheni zenye intaneti, na kampuni zilezile zimekwisha kutoa programu zao huko. Machi 2022 MultiChoice, wenye DStv, walitangaza kwamba mteja ataweza kutazama kwa intaneti kwenye chombo kimoja tu kwa wakati mmoja, wakitaja haja ya kupambana na wanaogawana maneno ya siri. Hilo ni zuio la hesabu, nasi hatulilaani kwa kuwa hesabu tu. Swali letu ni kama mteja huambiwa hesabu hiyo siku anapojiunga, na kama baba mwenye watoto watatu na simu tatu hujua kabla ya kulipa kwamba amenunua ruhusa ya mtu mmoja.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na ile ya Kenya ndizo zinazotoa leseni, na leseni ndilo fimbo walilo nalo. Tunapendekeza ziandike ndani yake kwamba kampuni inayouza programu ya kutazamia iorodheshe vyombo inavyovikubali pale pale inapotaja bei, wala si katika ukurasa wa arobaini wa masharti. Kwamba isikikatae chombo kinachotimiza matakwa ya usalama kwa sababu tu kimetengenezwa na mshindani. Na kwamba ikiamua kuacha kukihudumia chombo fulani, mteja apewe taarifa mapema na aruhusiwe kuondoka na salio lake. Kampuni zitasema kwamba haya yataongeza gharama. Basi zionyeshe gharama hizo kwa tarakimu mbele ya Mamlaka, maana hadithi ya mafundi waliolemewa tumekwisha kuisikia.

Tanzania ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo wananchi wengi hawajui kwamba lipo na kwamba kazi yake ni kusema kwa niaba yao. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice. Kampuni mbili zinapoungana, aghalabu mikataba ya wateja hupitiwa upya na programu zao huunganishwa, na vipengele vipya huingizwa vikiwa vimefungwa pamoja na vya zamani. Baraza lina haki ya kuomba liuone mkataba huo na kuusoma kifungu kwa kifungu kabla mteja hajaletewa kwenye simu yake kitufe cha kukubali.